Vidole Vinne vya Mafuta

Tarehe 6 Februari

Mjukuu wangu Sisimizi,

Pokea salamu kabla hujaketi, maana nakujua, ukishaketi unasoma kama mtu anayekimbiwa na gari. Mimi mzima. Goti la kushoto tu ndilo limejitenga, lina maisha yake. Jirani yangu fundi viatu anakusalimu, bado anakohoa na bado anavuta. Paa linavuja juu ya kitanda. Nimehamisha kitanda, tundu nalo limenifuata.

Na usiniambie tena nipige simu. Neno la simu ni upepo, likipita huwezi kulishika ukamwonyesha mtu. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini barua zako zote ninazo kwenye kopo la biskuti. Zangu nawe unazo, la sivyo tutakosana.

Sasa sikia. Ule uwanja mtupu ng'ambo ya barabara, pale ulipovunjika jino, wamejenga. Sijui nikueleze vipi. Matangi manne meupe, na kila moja ukisimamisha mtu juu ya mtu, watu wanne hawafiki ukingoni. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni na mwiko mkononi mpaka sabuni ikaungua, mimi, miaka arobaini sijaunguza sabuni. Asubuhi jua likiyapiga, chumba changu kinapambazuka mara mbili, mara kwa jua na mara kwa matangi.

Fundi viatu kanisomea bango lote, maana herufi zake zina madoido. Ati wanachukua mafuta yaliyokwisha kukaangiwa, wanayageuza kuwa mafuta ya magari. Yale yale ninayokusanya kwa wakaanga viazi kupikia sabuni! Nikasema kumbe nimekalia utajiri miaka yote hii nikitoa povu.

Neno moja tu linanikwaza. Hakunuki. Mimi nikipika sufuria moja, mtaa mzima unajua, na wenye nguo kwenye kamba wananitukana mimi na marehemu babu yako. Hawa wanapika tangi zima na hata inzi hajageuza shingo. Wewe si uko ofisi ya kodi? Niambie hao ni watu gani.

Kula. Picha uliyoleta una shingo kama ya chupa.

Bibi yako.


Tarehe 27 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini goti limerudi kwa mwenyewe. Mimi sijambo, nakula, ni picha tu ilipigwa kwa pembeni. Nimehamia chumba chenye dirisha. Linatazama ukuta, lakini ni dirisha.

Bibi, umenichekesha, maana hao watu nawajua kuliko wewe unayewaona. Faili lao lilipita mezani kwangu. Ni faili la kwanza nililopitisha peke yangu tangu niajiriwe, kurasa mia tatu na kitu, hakuna hata nukta iliyokaa vibaya. Mkuu wangu alilishika mbele ya wenzangu akasema, "Hivi ndivyo kazi inavyofanywa." Nilitamani ungekuwepo.

Mambo yenyewe ni haya. Serikali inataka moshi upungue barabarani. Kampuni ikigeuza mafuta yaliyotumika kuwa mafuta ya gari, inapata nafuu ya kodi kwa kila lita. Na kama haina kodi ya kutosha kusamehewa, serikali ndiyo inayoipa fedha. Kitengo chetu tuko watatu kwa nchi nzima. Mafaili yamejaa mpaka kwenye korido, tunapita kiubavuubavu kama kaa.

Kuhusu harufu, usijali. Mitambo ya kisasa hainuki. Mwezi wa nne tunakuja kukagua. Siku siwezi kukutajia, ni siri ya ofisi.

Mjukuu wako.


Tarehe 19 Machi

Sisimizi,

Salamu ni zile zile, na goti ni lile lile. Mke wa fundi viatu kajifungua mapacha, sasa fundi anakohoa kwa furaha.

Siri ya ofisi yenu ni tarehe tisa Aprili, saa nne asubuhi. Mlinzi wa getini kaniambia alipokuja kununua sabuni. Barua yenu wamebandika ukutani. Wanapaka chokaa mawe ya njiani, wamenunua na maua, yako kwenye vyungu ili wayarudishe. Mjukuu wangu, mtu anayekwenda kumfumania mwizi huwa anapiga hodi wiki tatu kabla?

Umesema serikali inamlipa mtu kodi. Barua nimeisoma mara mbili, kisha nikampa fundi viatu aisome, nikidhani macho yangu yamezeeka. Nilijua kodi kama mto, inateremka upande mmoja tu. Kumbe kuna mahali mto unapanda mlima. Kweli ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni.

Basi jana nilikaa mlangoni nikisubiri sabuni igande. Likaja lori la tangi, taa moja imefumba kama jicho la aliyepigwa. Likaingia geti la mbele, likapimwa, likapewa karatasi. Nikatia maji mengine jikoni. Likaja lori, taa moja imefumba. Nikasema hawa wana malori ndugu. La tatu, taa imefumba. Nikamtuma binti wa jirani azunguke nyuma, akarudi anahema: "Bibi, lori linatokea geti la mtaroni, linazunguka soko, linarudi!" Mpaka sabuni kuganda limeingia mara kumi na moja. Ni mafuta yale yale, mwanangu, yanaingia upya kama bibi harusi anayeolewa mara kumi na moja kwa siku moja, na mahari inalipwa kila mara.

Sikukasirika, Mungu nisamehe. Nilishika kichwa tu. Nimeuza sabuni maisha yangu yote, na kipande kikipungua unene wa kucha mteja ananirudishia. Hawa wanauza upepo, na anayenunua ni serikali.

Paa nimeezeka. Mabati sita, mapya. Usiniulize, nimepata biashara kidogo.

Bibi yako.


Tarehe 14 Aprili

Shikamoo Bibi,

Nilikuona. Ulikuwa unaanika sabuni, umenipa mgongo, kitambaa kile cha kijani. Gari la ofisi lilikuwa na mkuu wangu na haraka zake. Sikushuka. Najua utasema nini.

Tulikaa saa moja kasoro. Walitupa kofia ngumu, maji baridi na viti. Nilipanda ngazi ya tangi la kwanza mimi mwenyewe, kwa sababu mkuu anaogopa kimo. Wakanipa upawa mrefu unaong'aa, nikachota. Bibi, yalikuwa kama dhahabu iliyoyeyuka. Tangi zima, mpaka kule ukingoni, na mawingu yanaelea ndani yake. Sijawahi kuona kitu kama kile, nilisahau hata kuandika. Nikayanusa, nikajikuta nina miaka saba, nimekaa kwenye kile kigoda chako jikoni. Yalinukia ganda la limau.

Nikasema labda upepo umeileta harufu kutoka kwako.

Kuhusu lori, nilimuuliza mkuu kwa kuzungukazunguka. Akasema stakabadhi kumi na moja ni mizigo kumi na moja, sisi si askari wa barabarani. Nimegonga muhuri.

Hongera kwa paa.

Mjukuu wako.


Tarehe 3 Mei

Wewe,

Leo salamu utazisoma mwisho wa barua, kama nitakumbuka kuziandika. Umepita mlangoni kwangu! Nilikubeba mgongoni kutoka zahanati, mvua inanyesha, una surua, leo umepata kofia ngumu unaniona kitambaa cha kijani. Hata honi? Mkuu wako ndiye aliyekunyoa nywele za kwanza?

Haya. Yamekwisha. Hayajaisha, lakini tuendelee.

Uliposema mawingu yanaelea kwenye tangi, sikulala mchana, nami mchana ndio usingizi wangu. Mafuta ya tangi zima! Mimi mpika mafuta sijawahi kuyaona mengi kupita pipa. Nikamwendea mlinzi, anadaiwa vipande tisa vya sabuni. Nikamwambia, "Nipandishe nikaone." Akasema, "Bibi, ukianguka nitasema sikukuona." Nikamwambia, "Nikianguka nami nitasema hukuniona, tutakuwa sawa." Ilikuwa adhuhuri, matajiri wameenda kula.

Nilipanda. Goti lilipiga kelele, nikaliacha lipige. Nikafika juu, nikachungulia.

Sisimizi, hukunidanganya. Niliita jina la Mungu kwa sauti. Ni kama mtu kalala chali akaona mbingu, ila mbingu iko chini na ni ya manjano. Niliona uso wangu humo, mzee lakini umependeza. Nikasimama hapo nikasahau kilichonileta, kwa muda wa kupoa chai.

Halafu ukaniingia uchokozi wa kazi. Wewe ulichota kwa upawa. Nani anapima mafuta kwa upawa? Mwuza mafuta akikuletea pipa, ukichota juu umeibiwa, kwa sababu mafuta hukaa juu ya maji hata kama maji ndiyo mengi. Mimi huwa na mpira wangu, ule mwembamba wa maji, unaujua, ulikuwa unapulizia mapovu. Unaziba tundu la juu kwa kidole gumba. Unaushusha umezibwa mpaka chini kabisa. Chini kule unaachia kidole, mpira unajaa cha huko. Unaziba tena, unapandisha. Kilicho chini hakina pa kujificha.

Niliufunga jiwe usielee, nikaushusha. Ukaenda, ukaenda, mpaka nikafika mwisho wa mpira. Nikaachia, nikaziba, nikavuta. Nikamimina kiganjani.

Maji. Nikayaonja. Maji ya bomba, Sisimizi, baridi, safi. Juu yake ni vidole vinne vya mafuta, nimepima kwa vidole hivi hivi ninavyoandikia. Tangi refu kuliko nyumba ya ghorofa ya jirani, na uongo wote umebebwa na vidole vinne!

Nilishuka, goti nimelisahau. Mtu aliyewaza kitu kikubwa namna ile ana kichwa cha ajabu. Angekipeleka kwenye sabuni.

Sasa unajua. Salamu.

Bibi yako.


Tarehe 28 Juni

Shikamoo Bibi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi nyingi. Nimepandishwa cheo, sasa nina meza yenye droo mbili. Goti linaendeleaje? Mapacha wameanza kukaa?

Naomba usiandike tena habari za matangi. Hapa barua hufunguliwa na katibu.

Mjukuu wako.


Tarehe 9 Julai

Katibu, kama ni wewe unayesoma, shikamoo yako uniletee mwenyewe, maana huenda nimekuzidi umri. Kisha mpe mjukuu wangu barua yake.

Sisimizi,

Mapacha wanakaa. Goti halikai wala halisimami.

Hongera ya droo mbili sikupi. Miezi miwili umenyamaza, halafu mistari sita. Nilikulea mimi, najua unavyonyamaza ukivunja kitu. Ulipovunja taa ya chemni ulikaa kimya siku mbili na kipande umekikalia. Sikuulizi umekalia nini. Nitakwambia nilichokalia mimi.

Yale mafuta ya juu ni yangu.

Mwezi wa tatu alikuja bwana mmoja wa pale, shati jeupe, akaniita Mama Sabuni kwa adabu. Akataka mafuta yaliyochujwa vizuri, mapipa sita, haraka, kabla ya tarehe tisa Aprili. Nikakusanya kwa wakaanga viazi mpaka mji wa pili. Nikachemsha, nikachuja kwa kitambaa, nikatia ganda la limau kama kawaida yangu. Fedha alinilipa siku ile ile aliyoagiza, kabla sijawasha moto. Ndiyo mabati sita ya paa.

Utaniuliza kama nilijua. Nilijua nusu. Lori nililiona mimi mwenyewe nikakuandikia kwa kiburi, na wakati naandika sufuria yao ilikuwa jikoni inachemka. Nilijiambia mimi nauza mafuta, watakachofanya nayo si juu yangu. Hayo ndiyo maneno ya mkuu wako, sivyo? Stakabadhi ni stakabadhi. Kumbe yeye na mimi tumesoma darasa moja.

Uliponiandikia limau nilijifanya sikusoma. Nikakugombeza kwa kupita mlangoni. Ulistahili, lakini niligombeza kwa sauti kubwa ili nisijisikie.

Mvua ikinyesha sasa sivujiwi, na usingizi hauji.

Bibi yako.


Tarehe 2 Agosti

Bibi yangu, shikamoo,

Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za ofisi, watu wananiruka.

Basi nami niondoke juu ya kipande changu. Barua yako ya tarehe tatu Mei, ile ya mpira, ilinifikia tarehe kumi na moja. Niliiamini pale pale, sikuwa na shaka hata ya kuvuta pumzi. Tarehe ishirini likaja faili lao la pili, la matangi mengine mawili. Mkuu alisimama nyuma ya kiti changu. Akasema, "Hawa tunawajua, au siyo?" Nikasema ndiyo, mkuu. Nikagonga. Wiki iliyofuata nikapata droo mbili.

Bibi, muhuri ni kitu chepesi sana. Nilidhani mkono utakataa. Haukukataa.

Juzi nilikwenda kwa mkaguzi mkuu wa serikali, si wa kwetu. Ni mama wa makamo, ana miwani miwili, mmoja kichwani. Nilimweleza lori na tangi. Alisikiliza, akasema, "Maneno yako matupu hayavunji kurasa mia tatu. Una kitu chochote chenye tarehe?" Nikasema nina barua za bibi yangu.

Sasa sijui la kufanya. Ninaweza kumpa ya Februari na ya Machi tu. Lori limo, tarehe ya siri imo, yatosha kuanzia. Nikitoa ya Mei, wataona nilijua kabla ya muhuri wa pili, na kazi imekwenda, labda na zaidi ya kazi. Nikitoa ya Julai watakuja mlangoni kwako.

Niambie. Nitafanya utakalosema.

Mjukuu wako.


Tarehe 10 Agosti

Sisimizi,

Barua hii nampa dereva wa basi mkononi, salamu zitafuata kwa miguu.

Utafanya nitakalosema? Una miaka ishirini na tisa! Lakini kwa kuwa umeuliza, nitasema. Toa zote. Na zako zilizo kwangu nazifunga humu, ile ya droo mbili juu kabisa.

Ukitoa mbili ukaficha mbili, umefanya nini? Umemchotea yule mama wa miwani kwa upawa. Juu dhahabu, chini unajua mwenyewe.

Naogopa. Nakwambia uelewe kwamba mtu anaweza kuogopa na mkono ukaandika. Wakija mlangoni watanikuta. Mlango wangu unajulikana, ni wewe tu uliyeupita.

Bibi yako.


Tarehe 5 Oktoba

Mjukuu wangu Sisimizi,

Salamu nyingi, na safari hii zimepikwa vizuri, hazina haraka. Mimi mzima. Goti limepata heshima mtaani, watu wanasema ndilo lililopanda tangi. Mapacha wanatambaa, mmoja kala kipande cha sabuni, anacheka mapovu.

Nakuandikia uliyoyakosa. Siku waliyokuja kukagua upya, wewe ulipanda, ukashusha mpira wangu mbele ya mama wa miwani na wale mabwana wa shati jeupe, ukaachia kidole, ukaziba, ukavuta, ukammiminia kiganjani. Nilikuwa getini na fundi viatu, akasema, "Huyo kafundishwa." Nikamwambia nyamaza, lakini nilisikia raha. Halafu wakakuingiza garini kwenda kuandikisha maelezo, wala hukunywa chai. Gari likapita mlangoni kwangu na ukapunga mkono kwa dirisha. Nimekuhesabia hiyo.

Kesho yake wakafungua bomba la chini la tangi la kwanza.

Sijui kama nitaiona tena siku kama ile. Maji yalitoka kwa kishindo, yakaruka mtaro, yakajaa barabara yote. Tulidhani yatakoma, hayakukoma. Asubuhi nzima, adhuhuri, alasiri, maji tu. Watu walitoka na ndoo, wakaacha ndoo, wakasimama. Mlinzi alivua kofia kama mtu aliye msibani. Mtaa huu tunapanga foleni ya maji tangu mimi ni mwari, na bahari nzima ilikuwa imefichwa ng'ambo ya barabara chini ya vidole vinne. Fundi viatu alikaa chini kwenye maji na suruali yake. Alisema, "Bibi, na karatasi zote hizo zinasema haya ni mafuta?" Nikasema zote, na muhuri.

Jioni, jua bado lipo, mkondo ukapungua, ukawa mwembamba, ukabadilika rangi. Yakaja mafuta, kidogo kidogo, ya manjano, yakiteleza juu ya lami. Yalinukia limau. Mama wa miwani akauliza kwa sauti, "Haya sasa ni ya nani?"

Ningeweza kunyamaza. Barua anazo, lakini watu hawakuwa wamezisoma.

Nikasema, "Ni yangu. Nimeyachuja mimi." Nikajongea nikiwa peku, na majirani wote wananitazama, hata wanaonidai na ninaowadai. Akaniuliza nimesoma wapi habari ya mpira. Nikamwambia kwenye pipa. Akaandika. Akaniomba nimwonyeshe tena, polepole, pamoja na vijana wake wawili waliosoma mpaka mwisho wa shule. Nikawaambia wazibe kwa kidole, si kwa kiganja. Mmoja alimwagia viatu vyake, nikamgombeza kidogo.

Mabati nimeyateremsha, wameyachukua kama ushahidi. Tundu limerudi juu ya kitanda, nimelikaribisha.

Umeniandikia umesimamishwa kazi, kamati itakaa mwezi ujao, na mkuu wako anaumwa ghafla. Wakikurudisha, nenda. Wakikufukuza, njoo, jiko lina nafasi ya mikono miwili. Wakikufunga nitakuja kukuona kila siku ya wageni, na nitawaambia walinzi wakushibishe.

Ndani ya kifurushi hiki kuna mpira. Nimeukata mara mbili, nusu yangu na nusu yako. Muhuri walikuazima, wanaweza kuuchukua. Huu si wao. Uoshe kwa maji ya moto kabla ya kuutumia.

Na ukija, hodi ya kwanza iwe kwangu.

Bibi yako, mpika sabuni.